Betri Iliyokataa Kutoka

Kwa kawaida ukifungua kifuniko kilicho chini ya kamera na kusukuma kishikizo pembeni, betri hujitokeza yenyewe. Springi ya ndani huisukuma, nawe unaidaka kwa vidole viwili. Nimefanya hivyo mara zisizohesabika, gizani, mvuani, nikitembea, macho yangu yakiwa kwingine kabisa. Siku ile nilisukuma kishikizo na hakuna kilichojitokeza.

Niliigeuza kamera juu chini, nikaigongagonga taratibu kiganjani. Nikajaribu kuivuta betri kwa ukucha. Ikasogea kidogo, milimita mbili hivi, ikakwama. Nikawasha tochi ya simu nimulike ndani, na hapo ndipo nilipouona ubavu wake. Plastiki inayotakiwa kuwa bapa ilikuwa imetuna kama shavu la mtu mwenye jino bovu.

Haikuwa na joto. Haikuwa na harufu. Saa chache kabla ya hapo ilikuwa imenipigia picha zaidi ya mia tatu, na alama ya chaji kwenye kioo haikuonyesha tatizo lolote.

Nilifanya jambo ambalo leo nisingelifanya: nilichukua plaizi nikaivuta kwa nguvu. Ilitoka baada ya dakika kama kumi za kuhangaika, ikaacha mkwaruzo mrefu ndani ya kamera. Nikaiweka mezani, nikakaa kuitazama. Ilikuwa moja ya betri nne nilizonunua pamoja, za bei ya chini sana, za kampuni ambayo sikuwahi kulisikia jina lake kabla ya siku ile ya kununua wala sijalisikia tena baadaye.

Mbili zilikuwa kwenye mkoba wangu. Niliziangalia, zilikuwa sawa.

Ya nne nilikuwa nimempa mtu.

## Swali alilouliza mapema

Kuna kijana ninayemwelekeza kazi ya picha. Alipopata kamera yake ya kwanza, iliyotumika, ilikuja na betri moja iliyochoka kabisa: inajaa haraka, inaisha haraka, na ukipiga picha tano kwa mfululizo inazima. Nikampa moja ya zile nne. Aliipokea, akaigeuza mkononi, akauliza: "Dada, hizi za bei rahisi hazina shida kweli?"

Nikamjibu papo hapo. "Mimi huu ni mwaka wa pili nazitumia. Hazina shida, mdogo wangu."

Jibu hilo ndilo lililonikosesha raha wiki zote hizi, kuliko hata mkwaruzo ndani ya kamera. Nilijua jinsi anavyochaji vitu vyake, maana aliwahi kunieleza mwenyewe: chumba kimoja, soketi moja, kila kitu kinachomekwa usiku na kuchomolewa asubuhi. Chaja ya kamera hukaa kwenye kiti karibu na kichwa chake.

Usiku uleule nilimwandikia asiichaji tena ile betri kwanza. Akajibu baada ya muda mfupi: "Mbona yangu ipo sawa tu dada, haijavimba. Kwa hiyo zote mbaya? Nizitupe zote zisizo orijino?"

Nilishika simu muda mrefu. Sikuwa na la kumwambia.

Ningeweza kusema ndiyo, tupa zote, nunua za kampuni iliyotengeneza kamera yako. Ni jibu salama kwa anayelitoa. Lakini nilijua bei ya orijino na nilijua kipato chake, na nilijua pia kwamba nimefanya kazi na wapigapicha wazuri wenye mikoba iliyojaa betri za makampuni mengine, ambao hawajapata hata moshi. Je, wote hao wana bahati tu? Au mimi ndiye niliyenunua vibaya? Kama nilinunua vibaya, nilipaswa kutambuaje?

## Kilichomo ndani

Nilikuwa nimeishi na betri za kamera zaidi ya miaka kumi bila kujua zina nini. Ukivua lile ganda jeusi la plastiki, kwenye betri nyingi za kamera utakuta seli mbili za lithiamu zilizounganishwa kwa mfululizo. Kila moja ina volti 3.6 au 3.7, ndiyo maana betri nyingi zimeandikwa 7.2 au 7.4. Seli ikijaa hufika volti 4.2, mbili pamoja ni 8.4. Kuivusha hapo ni kuanza kuiharibu.

Ndani ya seli kuna tabaka mbili za chuma chembamba kilichopakwa kemikali, na katikati yake filamu ya plastiki inayozitenganisha zisigusane. Filamu hiyo ni nyembamba kuliko unywele. Imelowa kimiminika kinachopitisha ioni za lithiamu, na kimiminika hicho kinawaka moto. Filamu ikitobolewa na kijipande cha chuma, au ikiyeyuka kwa joto, pande mbili hupiga shoti ndani kwa ndani. Shoti huzalisha joto, joto huharakisha kemikali, kemikali huzalisha joto zaidi. Ikishafika hapo, kuchomoa chaja hakusaidii kitu. Moto unajilisha wenyewe.

Nilipiga hesabu ili nielewe ukubwa wa jambo hili. Betri ya Sony ya NP-FZ100, ambayo wengi wetu tunaifahamu, ina nishati ya wati-saa (Wh) 16.4. Hiyo inatosha kuchemsha maji ya kikombe kidogo kutoka ubaridi wa kawaida hadi yatokote. Nayo ni nishati ya umeme peke yake. Kimiminika kikishika moto kinaongeza ya kwake.

Kikombe cha maji yanayotokota, mfukoni. Tangu siku hiyo nazishika kwa namna nyingine.

Kinachozuia yote haya ni kibao kidogo chenye saketi ya ulinzi. Kazi yake ni kukata umeme chaji ikizidi, ikipungua kupita kiasi, au vituo vya betri, vile vipande vya chuma vinavyopitisha umeme, vikigusana kwa nje. Karibu yake kuna kijisehemu kingine kidogo zaidi, kipimajoto. Ukiangalia betri yako ya kamera huenda utaona herufi T pembeni ya kituo kimoja, kati ya alama ya kujumlisha na ya kutoa. Hapo ndipo chaja huulizia: una joto kiasi gani? Betri ikipata moto kupita kiasi, chaja inapaswa kusimama.

Inapaswa.

## Namba iliyogoma kusogea

Nilizipeleka betri zangu kwa fundi wa elektroniki ninayemwamini. Ile iliyovimba hakutaka hata kuigusa. Aliniambia nifunike vituo vyake kwa utepe, niiweke nje ndani ya chombo chenye mchanga mkavu, mbali na kitu chochote kinachowaka, mpaka niifikishe kwa watu wanaokusanya taka za elektroniki. Na nisithubutu kuitoboa. Nilimweleza kuhusu plaizi. Alitikisa kichwa, hakusema kitu.

Halafu akanionyesha jambo ambalo kama ningelijua miaka miwili iliyopita, makala haya yasingekuwepo.

Alichukua mita yake, akaiweka kwenye kupima ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyozuia umeme kupita. Waya mmoja kwenye kituo cha T, mwingine kwenye kituo cha kutoa. Akaanza na betri yangu ya orijino, ile iliyokuja na kamera. Namba ikatokea. Akaifumbata betri kwa viganja vyote viwili, kama mtu anayetaka kupasha mkono wa mtoto. "Angalia namba, dada yangu." Baada ya muda namba ikaanza kushuka, polepole, kidogo kidogo. Joto la mikono yake lilikuwa likiingia ndani, na kipimajoto kikilisema.

Akachukua mojawapo ya zile zangu mbili zilizobaki. Akaunganisha, akaifumbata. Tukasubiri.

Namba ilisimama palepale.

Akaisogeza kwenye taa ya mezani yenye joto, tukasubiri tena. Haikutikisika. "Humu hamna kipimajoto," akasema. "Wameweka rezista ya kawaida, yenye ukinzani usiobadilika kwa joto. Chaja ikiuliza, jibu ni lilelile kila siku: mambo shwari."

Sikutegemea kwamba jambo dogo namna ile lingenichoma kiasi kile. Ningesamehe betri dhaifu, inayoisha mapema. Lakini hii ilitengenezwa na mtu aliyejua kwamba chaja itauliza, akaandaa jibu la uongo, akalifunga ndani ya plastiki. Nami nikaigawa kama zawadi.

Kisha akaomba betri nyingine. Nilikuwa na moja iliyosahaulika mfukoni mwa mkoba, ya kampuni nyingine, nayo si ile iliyotengeneza kamera, niliyoinunua zamani kwa bei ya katikati. Akaipima, akaifumbata. Namba ikashuka, sawa na ya orijino.

Kumbe jibu la yule kijana lilikuwa hapo mezani. Betri mbili zisizo orijino, zote zinaingia kwenye kamera ileile, zote zinapiga picha zilezile. Moja inasema ukweli, nyingine haisemi.

## Mwaka wa pili

Bado nilikuwa na mjadala moyoni. Sehemu yangu moja ilikuwa ikinong'ona: lakini mbona hazijawahi kukudhuru? Miaka miwili ya kazi, si ushahidi?

Niliitafakari hoja hiyo kwa siku nyingi, kwa sababu ndiyo hoja tunayoitumia wote. Ukimuuliza mpigapicha yeyote kuhusu betri za bei rahisi, atakujibu kama nilivyojibu mimi: natumia, hazijanisumbua. Ni neno la kweli. Ila linathibitisha kitu kidogo sana. Tuseme betri moja katika elfu kumi huwaka. Mimi nimemiliki betri labda ishirini maishani. Rafiki zangu wote tukizijumlisha, labda mia kadhaa. Tungeweza kukaa miaka yote tukiambiana hazina shida, na sote tukawa wakweli, na bado ile moja ikawa inawaka chumbani mwa mtu ambaye hatumjui.

Kilichonigeuza kabisa, hata hivyo, ni kitu kingine. Nilikuwa nimeuchukua umri wa betri kama cheti chake. Mwaka wa pili, basi imethibitika. Kwa fenicha, kwa sufuria, hata kwa lenzi, hoja hiyo inafaa: kilichodumu kitadumu. Betri ya lithiamu haiko hivyo. Kila ukiichaji kuna kitu kidogo hubadilika ndani yake na hakirudi kama kilivyokuwa. Kimiminika huvunjikavunjika na kutoa gesi, na ile gesi ndiyo iliyoitunisha ya kwangu. Betri iliyochajiwa vibaya, mathalani kwenye baridi iliyo chini ya nyuzi 0, hupata utando wa chuma cha lithiamu ambao unaweza kuota vijimiba kuelekea ile filamu.

Kwa hiyo mwaka wa pili niliokuwa nikijivunia ulikuwa sababu ya kuziangalia zaidi, nami ndio niliouchukulia kuwa sababu ya kutoziangalia.

## Hata wakubwa

Kuna siku mbili tatu nilielekea upande mwingine kabisa. Nilisoma kuhusu betri za makampuni makubwa, na nikaanza kujiuliza kama jina lina maana yoyote.

Mwaka 2006 kampuni ya Dell iliwaomba wateja warudishe betri za kompyuta zake za mkononi, zaidi ya milioni 4, na seli zilitoka kwa Sony, kampuni ileile iliyokuwa ya kwanza kuingiza betri za lithiamu-ioni sokoni mwaka 1991. Vijipande vidogo vya chuma vilikuwa vimebaki ndani ya seli. Mwaka 2016 Samsung iliomba simu za Galaxy Note 7 zirudishwe, ikawapa watu simu zenye betri za mtengenezaji wa pili, na hizo nazo zikawaka kwa kasoro tofauti. Na kwenye ulimwengu wetu wa kamera, mwaka 2012 Nikon iliwaomba wateja warudishe baadhi ya betri zake za EN-EL15 kwa sababu zingeweza kupiga shoti na kupata joto kali.

Hizi zote ni orijino. Hakuna aliyenunua kwa mchuuzi wa njia panda.

Nilikaribia kumwandikia kijana kwamba basi, zote ni bahati nasibu, chagua ya bei unayoiweza. Niliandika hata nusu ya ujumbe. Kisha nikajiuliza: mimi nimejuaje habari hizi zote?

Nimezijua kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuulizwa. Nikon iliweza kuwaambia wateja wake waangalie namba ya toleo iliyoandikwa kwenye betri, wahesabu hadi herufi ya tisa, na kama ni E au F waache kuitumia wapewe nyingine bure. Mtu akiwa popote, ameshika betri mkononi, angeweza kujua kama yake imo.

Niligeuza betri zangu mbili kutafuta namba ya toleo. Hakuna. Hakuna tarehe, hakuna anwani. Kama kiwandani waligundua kesho yake kwamba walikosea, hakukuwa na njia yoyote ya habari hiyo kunifikia. Na sidhani kama kuna aliyekuwa akitafuta njia.

Niliufuta ule ujumbe.

## Watu husema rahisi ni ghali

Sikubaliani nao moja kwa moja, angalau kwenye jambo hili. Bei ya chini peke yake haijaniambia lolote la uhakika, na bei ya juu imewahi kuwadanganya watu vibaya zaidi. Wapo wanaoogopa betri za makampuni mengine, wakakimbilia "orijino ya bei poa", wakauziwa feki. Tofauti hii inafaa isemwe wazi: betri mbadala yenye jina lake yenyewe, hata kama jina ni geni, imejitambulisha. Betri bandia imevaa jina la mwingine. Aliyeiga nembo, kisanduku na hata karatasi ya kung'aa ya kuthibitisha uhalisi, sioni kwa nini awe mwaminifu kwenye saketi ambayo hakuna atakayeiona. Kati ya hizo mbili naiogopa zaidi feki.

Kilichonisaidia zaidi kutambua waongo ni namba ya mAh, yaani kiasi cha chaji ambacho betri inabeba. Chukua mfano wa Canon. Betri ya LP-E6 ilipokuja na kamera ya EOS 5D Mark II mwaka 2008 ilikuwa na mAh 1800. Ikaja LP-E6N yenye 1865. Mwaka 2020 ikaja LP-E6NH yenye 2130. Ganda lilelile, umbo lilelile. Kampuni kubwa namna ile ilichukua miaka 12 kuongeza mAh 330. Sasa mtu anapokuuzia betri ya umbo hilohilo, kwa sehemu ndogo ya bei, na juu yake ameandika 3000 au zaidi, jiulize ameupata wapi muujiza huo. Ni kama zile seli za mviringo za ukubwa uitwao 18650 zinazouzwa zikiwa zimeandikwa 9900, wakati hata zilizo bora kabisa za aina hiyo hazifiki nusu ya namba hiyo. Mtu anayedanganya kwenye lebo, ambapo kila mwenye mita anaweza kumpima, atafanya nini mahali pasipoonekana?

Zangu zilikuwa zimeandikwa 2600. Nilizipima kwa chaja yenye kipimo, moja ikatoa chini ya 1500. Kwenye mizani ya jikoni zilikuwa nyepesi kuliko orijino, nyepesi kiasi cha kuhisika hata mkononi ukiwa umeambiwa uangalie.

Alama ya CE, ile ya masharti ya Ulaya, nayo nilikuwa nikiiona kama muhuri wa serikali fulani. Kwa bidhaa nyingi za aina hii mtengenezaji mwenyewe ndiye hujitangaza kwamba ametimiza masharti, kisha anachapa herufi mbili. Kuna kitu kingine chenye uzito zaidi kwangu sasa. Betri za lithiamu haziruhusiwi kusafirishwa bila kupita majaribio ya Umoja wa Mataifa yanayoitwa UN 38.3: zinawekwa kwenye hewa nyepesi kama ya angani, zinapashwa joto na kupozwa, zinatikiswa, zinagongwa, zinapigwa shoti kwa makusudi, zinachajiwa kupita kiasi. Tangu mwaka 2020 mtengenezaji anatakiwa awe na muhtasari wa majaribio hayo wa kutoa kwa wanaohusika na usafirishaji.

Niliamua kuuliza. Niliwaandikia walioniuzia zile nne, na niliiandikia pia ile kampuni ya betri ya katikati, ambayo namba yake ilishuka mezani kwa fundi.

Hao wa katikati walinitumia karatasi siku ya pili, yenye jina la maabara na tarehe.

Wale wa kwanza, mpaka leo kimya.

Kuhusu kamera zinazokataa betri za wengine, au zinazokuuliza kwenye kioo kama betri uliyoweka ina nembo ya kampuni, sitasema mengi. Usalama umo ndani yake na biashara imo pia, na kwa nje huwezi kuvitenganisha. Kamera kuikataa betri hakujaniambia kama ina kipimajoto.

## Kwa nini kwenye mkoba wa mkononi

Kuna jambo dogo nililolifahamu miaka mingi bila kulifikiria. Ukisafiri kwa ndege, betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye mzigo unaokwenda chini ya ndege. Lazima uwe nazo kwenye mkoba unaoingia nao, vituo vyake vimefunikwa. Za kamera, ambazo ziko chini sana ya Wh 100, hazihitaji kibali, ila mahali pake ni pale ulipo wewe.

Nilidhani ni urasimu tu. Safari hii niliuliza sababu kwa makini, na sababu ni kwamba betri ikianza kutoa moshi, kuna watu wa kuuona. Kule chini hakuna mtu.

Sheria hiyo haiulizi betri ni ya nani. Orijino na ya kuungaunga zote zinakaa karibu na macho ya watu. Waliokaa na kuiandika walianzia mahali ambapo mimi sikuwa nimefika: kwamba yoyote inaweza kukosea, basi ikosee mbele ya mtu aliye macho.

Nikakumbuka kile kiti karibu na kichwa cha yule kijana. Tangu mwanzo nilikuwa nikiuliza betri gani. Sikuwa nimeuliza hata mara moja inachajiwa wapi, saa ngapi, na nani yuko macho.

## Nilivyomrudia

Nilikwenda mwenyewe. Mambo mengine hayafai kwa ujumbe wa simu.

Nilimpelekea betri mbili mpya za ile kampuni ya katikati, nikamwomba ile ya zamani. Aliitoa kwenye mkoba. Kwa macho haikuonekana imevimba. Niliiweka juu ya meza iliyo tambarare, nikaigusa kwa kidole pembeni, ikacheza kidogo, kama meza yenye mguu mfupi. Tuliangaliana.

"Uliponiuliza kama zina shida," nikamwambia, "nilikujibu hazina. Sikuwa najua. Nilikuwa natumia tu."

Alinyamaza kidogo. "Na hizi mpya, dada, unajua?"

Lilikuwa swali la haki, na nililipenda kuliko shukrani. Nikamweleza ninachojua. Kwamba nimezipima zote mbili kwa fundi na namba inashuka. Kwamba zina namba ya toleo, akaiona mwenyewe. Kwamba mAh iliyoandikwa inakaribiana na niliyoipima. Kwamba karatasi yake ya majaribio ipo, nikamtumia. Kwamba bado zinaweza kukosea, kama za Nikon zilivyokosea, na kwa hiyo zisichajiwe amelala, wala juu ya godoro, wala juu ya kiti cha kitambaa. Kila baada ya muda aziweke juu ya kitu tambarare aone kama zinacheza. Ikicheza, kazi yake imekwisha, hata kama bado inapiga picha mia tatu.

Aliuliza ile chaja iliyokuja na betri za zamani aifanyeje. Nikamwambia aniletee nayo nimpe fundi aipime kama inasimama kwenye volti 8.4, na mpaka hapo atumie ile iliyokuja na kamera.

Usiku ule alinitumia picha. Chaja ilikuwa sakafuni, juu ya kigae kitupu, karibu na mlango. Hakuna nguo karibu, hakuna karatasi. Taa yake ilikuwa bado nyekundu.

Chini ya picha aliandika: "Bado kidogo ijae. Nimekaa nayo, sijalala."